Mrejesho: betri ya moyo ya mama, bega kukaza na mbavu kurukaruka

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niliuliza kuhusu mama, yuko Wete, aliyewekewa betri ya moyo (kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, chenye waya unaopeleka umeme moyoni ili mapigo yaende sawa): bega la kushoto limekaza, na chini ya mbavu panarukaruka kama kwikwi. Ahsanteni sana.

Aliyesema ni umeme wa betri unaogusa msuli wa kupumulia, alisema kweli. Daktari, Dar es Salaam, aliipima betri kwa kompyuta yake, akahakikisha waya haujahama, akapunguza nguvu ya umeme. Akikaa haparuki tena. Akilalia ubavu wa kushoto bado kidogo, kwa hiyo atarudi kupimwa.

Bega lilikaza kwa sababu mkono ulifungwa kanga muda wote kwa hofu. Sasa anauzungusha taratibu kutwa mara 3, kiwiko kisipite usawa wa bega mpaka wiki 6 zitimie tangu awekewe betri, na ndoo hanyanyui. Maumivu yamepungua, ila ushungi bado anafungwa na mtu mwingine. Kuchua kwa mafuta ya karafuu tumeacha kabisa: pale penye betri hapakandwi. Simu anaweka sikio la kulia, sentimita 15 mbali na kifua.

Akizimia, akipata homa, au kidonda kikivimba na kutoa maji, tumeambiwa hospitali siku ile ile, tusingoje kliniki.