Boti la mfano linageuka palepale, boti lenyewe linachukua ziwa zima. Nakosea wapi?

MbaoZaKibirizi: Wakuu, habari za humu. Ni fundi wa maboti hapa Kigoma. Mwaka jana nilipata oda ya boti la abiria, mita 12. Kabla ya kukata mbao nikachonga la mfano, sentimita 75, nikafunga mota ya toi na rimoti. Likageuka kama panya! Boti lenyewe sasa: ukikata kona linaenda weeee, halafu linalala upande hadi akina mama wanapiga yowe. Nina oda nyingine, sitaki aibu tena.

Mjomba_Ujiji: Wazee walichonga kwa macho, hawakuchezea toi 😂

Mkuku75: Mjomba, tulia. Fundi, mfano ulikuwa na uzito gani, na ulikimbiaje?

MbaoZaKibirizi: Kama gramu 400. Mbio zake, mtoto alikuwa anaufuata ufukweni kwa kukimbia.

Mkuku75: Basi ulijaribu boti jingine kabisa. Umepunguza urefu mara 16, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 16 x 16 x 16, yaani 4096. Boti la tani 4 na abiria wake, mfano uwe karibu kilo 1. Kasi unagawanya kwa 4 tu, kipeuo cha pili cha 16. Kama boti linakwenda kilomita 12 kwa saa, mfano uende 3, mtoto aufuate kwa kutembea. Hesabu hiyo ni ya Mwingereza William Froude, miaka ya 1870.

Vyuma vya uzito usivilaze chini vyote. Abiria wanakaa juu, navyo vipandishe, ndipo utauona huo mlalo.

Mjomba_Ujiji: Na mizigo mliipanga wapi?

MbaoZaKibirizi: Nyuma, mjomba. Magunia yote.

Mjomba_Ujiji: Ehee! Boti lililokalia matako linanyooka tu, kona halitaki.

Mkuku75: Hapo mjomba kasema. Jaribu mfano mara mbili, mzigo nyuma na mzigo katikati, usukani uleule, upime upana wa duara. Meli za kuanzia mita 100, IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, inataka duara lisizidi urefu wake mara 5. Lako halimo humo, ila kipimo kinafaa: kwa mfano wako ni mita 3.75. Fanya alfajiri kabla ya upepo, maana kiwimbi cha sentimita 4 kwa mfano ni sawa na cha 64 kwa boti lenyewe.

MbaoZaKibirizi: Kesho alfajiri naingia majini. Mizani naazima kwa muuza dagaa.