Lupu ya efekti inanichafulia sauti, na nimechoka kuambiwa "badilisha tyubu"!

Wakuu, salamu zitafuata nikishatulia. Kwa sasa nina hasira, na hasira yenyewe nina miezi miwili nayo.

Nina amplifaya ya gitaa ya tyubu (zile balbu za kioo zinazokuza sauti), kichwa cha wati 50, yenye lupu ya efekti kwa nyuma, yaani njia ya kupitisha sauti kwenye pedali za efekti baada ya priampu (hatua ya kwanza ya kukuza sauti) na kabla ya pawa (hatua ya mwisho). Tundu la sendi la kutolea sauti, tundu la ritani la kuirudishia, basi. Hakuna swichi, hakuna kinobu, hakuna namba. Kitabu cha maelekezo kina sentensi moja tu kuhusu lupu hiyo: unganisha efekti zako hapa. Nami kwa utiifu wangu nikaunganisha dilei na rivabu, pedali za mwangwi, maana ukiziweka mbele ya priampu yenye gaini kubwa (inayokuza sauti hadi ikwaruze), mwangwi wote unapondwa ukawa uji.

Chaneli safi ikaanza kukwaruza. Si ule ukali mtamu wa tyubu tunaoupenda, hapana. Mkwaruzo mkavu, kama karatasi imenasa kwenye koni ya spika, kila nikizichapa nyuzi. Nikipapasa taratibu, safi kabisa.

Nikauliza kwa wajuzi. Wa kwanza: "Badilisha tyubu." Nikabadilisha ECC83, zile tyubu ndogo, zote za priampu. Mkwaruzo palepale. Wa pili: "Basi ni zile kubwa za pawa, ndizo zinazochoka." Nikanunua jozi mpya, fundi akaweka bayasi upya (umeme unaopita kwenye tyubu zikiwa zimetulia), nikarudi nyumbani, nikachapa nyuzi zote sita. Mkwaruzo ukanipokea kama mwenyeji. Wa tatu akaamua kwamba pedali imekufa. Mkuu, pedali hiyohiyo nikiichomeka mbele, kati ya gitaa na amplifaya, inalia safi! Nikamwambia hivyo. Akajibu: imekufa. Nimekuwa nikisikia watu wakisema "kumpigia mbuzi gitaa" tangu utotoni. Sikujua ipo siku nitampigia kweli.

Nikaamua kufikiri mwenyewe. Nikachukua kebo fupi ya kuungia pedali, ya sentimita 15, nikaichomeka kutoka sendi moja kwa moja hadi ritani, bila pedali yoyote. Safi. Kumbe lupu nzima, pedali nzima, ila vikikutana vinagombana. Tatizo liko kwenye kukutana kwao.

Sendi yangu inatoa kiwango cha laini, kile cha vifaa vya studio: +4 dBu (dBu ni kipimo cha nguvu ya sauti ndani ya waya), yaani karibu volti 1.23. Pedali imetengenezwa ipokee gitaa, na kiwango kinachoandikwa kwenye vifaa vya aina hiyo ni -20 dBu, ambayo haifiki hata volti 0.08. Tofauti ni desibeli 24, karibu mara 16! Na hizo ni hesabu za wastani. Ukichapa nyuzi, kilele cha mawimbi kinaruka juu zaidi, na pedali inayokula volti 9 kwa kawaida haiwezi kupitisha wimbi refu kuliko hizo 9, nyingi hata hapo hazifiki. Kinachozidi kinakatwa kichwa. Huo ndio mkwaruzo wangu. Tyubu hazikuhusika hata kidogo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa ya muda ilikuwa mikononi mwangu siku zote. Mimi nilikuwa nashusha masta, kinobu cha sauti ya jumla, nikidhani napunguza mzigo kwenye pedali. Kwenye amplifaya yangu masta iko BAADA ya lupu! Naishusha, sauti inapungua chumbani, pedali inaendelea kupigwa vilevile. Kinachotangulia lupu ni volyumu ya chaneli. Nilipoishusha hiyo na kupandisha masta, makwaruzo yakaisha siku hiyohiyo. Sentensi moja zaidi kwenye kile kitabu ingeniokolea seti nzima ya tyubu.

Sasa nawauliza watengenezaji, na hapa sitaji mtu: zipo amplifaya zenye swichi ya kuchagua kiwango cha laini au cha pedali, kwa hiyo jambo linawezekana. Tuseme swichi ni gharama. Wino je? Kuandika "+4 dBu" kando ya tundu kunawafilisi?

Subirini, sijamaliza. Katikati ya hayo nikapata ugonjwa wa pili. Napiga bila pedali yoyote nyuma, ghafla sauti inazama, inarudi, inazama tena. Kwaya ileile: tyubu imechoka! Tyubu gani, mbona zote mpya? Nikarudisha kakebo kangu kafupi kati ya sendi na ritani, sauti ikasimama imara. Tundu la ritani lina kijisahani cha chuma ndani yake: plagi isipokuwepo, sauti yote inapita hapo kutoka priampu kwenda pawa. Kikishika kutu au vumbi, njia inakatika, hata kama hujawahi kutumia lupu maishani. Nikapulizia dawa ya kusafishia viunganishi kwenye plagi, nikaichomeka na kuichomoa mara ishirini hivi, amplifaya ikiwa imezimwa. Sauti haijazama tena hadi leo. Nadhani watu wengi wameshatupa tyubu nzima kwa sababu ya kijisahani hicho.

Halafu kuna huyu aliyenishauri kuhusu mvumo. Nilijaribu kuunganisha kwa kebo nne, pedali nyingine mbele na nyingine kwenye lupu, ukaingia mvumo mzito wa umeme. Ushauri wake: kata waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, kwenye plagi ya ukutani. Ndugu yangu, unataka kunizika? Ndani ya kifaa hiki mna volti 400 na zaidi, na kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hata ukishachomoa. Ethi ndiyo inayokulinda hitilafu ikitokea na bati la amplifaya likashika umeme. Mvumo wangu ulitokana na adapta moja inayolisha pedali zote kwa mnyororo, hivyo ethi ikawa na njia mbili za kuzunguka. Nilipotumia pawasaplai ambayo kila tundu lake limetengwa, ukaondoka, na ule mlio mwembamba wa dilei ya dijitali ukaondoka nao. Usikate ethi. Atakayekuambia ukate, mwombe akate ya kwake kwanza.

Wenye lupu sambamba, ile yenye kinobu cha kuchanganya, mna msiba wenu na mimi si mtaalamu wa msiba huo. Ninachojua ni kwamba sauti kavu, isiyo na efekti, huwa inapita pembeni muda wote, kwa hiyo pedali iwekwe itoe efekti tupu, asilimia 100. Ukiiacha ipitishe na sauti kavu, na ya kwake imechelewa kidogo kwa usindikaji wa dijitali, zinakutana zikiwa zimepishana na gitaa linalia kama limo ndani ya bomba. Na tyuna (pedali ya kurekebishia nyuzi, ambayo hunyamazisha gitaa) haitakunyamazisha ukiiweka humo, usishangae.

Karibuni kwa michango, hasa aliyewahi kutengeneza kipunguza kiwango cha kuweka kati ya sendi na pedali, maana kushusha volyumu ya chaneli kunaninyima ladha ya priampu na sitaki kuishi hivyo. Ila atakayeingia humu kuniambia nibadilishe tyubu, aanze kwanza kunieleza ni tyubu ipi iliyoponywa na kebo ya sentimita 15.