Pikapu ya Baba Latifa: gumzo la Ukoo wa Muheza

*Ijumaa*

Baba Latifa (Houston): Assalaam alaykum jamaa wote. Wakubwa shikamooni. Naomba ushauri wenu. Ile vani giaboksi imekufa, na fundi anasema gharama ya kuitengeneza inaipita bei ya gari lenyewe. Kazi za jipsamu na marumaru ni nyingi alhamdulillah, kwa hiyo sasa nataka pikapu. Zimebaki mbili, zote zimetumika. Moja Toyota Tacoma ya 2019, dabo kebini, bodi ya kupakilia mzigo futi 5, wanataka dola 29,000. Ya pili Ford F-150 ya 2018, nayo milango minne, bodi futi 5 na nusu, dola 26,500. Maili hazipishani sana. Moyo wangu uko kwa Tacoma. Mwasemaje?

Kaka Mkubwa (Dar): Waalaykum salaam. Tacoma ndiyo nini? Chukua Hilux uishi kwa amani.

Baba Latifa (Houston): Kaka, Hilux huku haiuzwi. Tangu 1964 Marekani inatoza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje. Chanzo ni ugomvi wa kuku! Ulaya walipandisha ushuru wa kuku wa Kimarekani, Marekani nayo ikalipiza kwa kuwatoza bidhaa zao, pikapu zikiwemo. Zile bidhaa nyingine ziliachiwa baadaye, pikapu hazikuachiwa mpaka leo. Toyota wakatengeneza gari la soko la huku, Tacoma, tangu 1995. Mchukulie kama binamu yake Hilux.

Kaka Mkubwa (Dar): Kuku wa 1964 ndio wanakunyima Hilux. Haya, basi chukua huyo binamu.

Dada (Dallas): Salaam. Mbona Tacoma ina umri wa mwaka mmoja tu chini ya mwenzake lakini ni ghali hivyo, na yenyewe ndiyo ndogo?

Baba Latifa (Houston): Tacoma hazishuki bei dada. Kila mtu anazitafuta.

Dada (Dallas): Basi hesabu yote, usitazame bei ya yadi peke yake. Kodi ya jimbo la Texas kwenye gari ni asilimia 6.25. Kwa hiyo F-150 ni zaidi ya dola 1,650 juu ya bei, Tacoma zaidi ya 1,800. Na kabla hujasaini chochote, wapigie watu wa bima wakutajie bei ya kila moja. Mimi niliwahi kusaini kwanza nikauliza bima baadaye, nilijuta mwaka mzima.

Mjomba (Tanga): Mwanangu, waalaykum salaam. Nimeamka kuswali nikakuta mmeshafika kwenye kodi. Mimi naanza na mzigo. Siku ya kazi unapakia nini, na watu wangapi? Nitajie kimoja kimoja.

Baba Latifa (Houston): Mjomba shikamoo. Siku ya kawaida jipsamu 14, zile za futi 4 kwa 8. Ndoo 4 za puti. Sanduku la zana, mashine ya kukatia marumaru, ngazi. Mimi na msaidizi wangu.

Mjomba (Tanga): Marahaba. Uzito?

Baba Latifa (Houston): Jipsamu moja kama paundi 50, kwa hiyo 700. Ndoo moja ya puti kama 60, nne ni 240. Zana zote 150. Sisi wawili 380. Jumla 1,470. Kwa kilo ni kama 667.

Mjomba (Tanga): Umefanya vyema kuhesabu na watu. Wengi huhesabu mzigo wakasahau kwamba na wao ni mzigo.

Binamu (Minneapolis): Mjomba shikamoo. Kaka, sasa nenda yadi, fungua mlango wa dereva, tazama pale kwenye nguzo mlango unapofungia. Kuna stika nyeupe na njano, imeandikwa uzito wa watu na mzigo kwa pamoja usizidi kiasi gani. Kila gari na namba yake. Pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana paundi mia kadhaa, kwa sababu moja ina foo-bai-foo, viti vya ngozi na kioo cha juu, nyingine haina. Usiamini tangazo, amini stika.

Baba Latifa (Houston): Tangazo la Tacoma linasema inavuta zaidi ya paundi 6,000.

Binamu (Minneapolis): Hiyo ni kuvuta tela. Kubeba mgongoni ni habari nyingine kabisa. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Shangazi (Muheza): Asalaam alaykum wanangu. Mimi magari siyajui ila nataka kuuliza, hilo gari watoto watakaa wapi?

Mama Latifa (Houston): Waalaykum salaam shangazi, shikamoo. Watoto nawapeleka mimi shule kwa gari langu dogo. Pikapu ni ya kazi. Mimi yangu ni moja tu, lazima ilale ndani ya banda la gari. Mwaka jana vani ililala nje, asubuhi tukakuta kioo kimevunjwa, zana zote zimekwenda. Baba Latifa alikaa wiki mbili bila kazi. Sitaki kuiona tena asubuhi ile.

Shangazi (Muheza): Marahaba mwanangu. Pole sana. Hilo mlisikilize.

Mjomba (Tanga): Mkwe amesema neno kubwa. Pima hilo banda.

Mama Latifa (Houston): Nitapima kesho mwenyewe kwa futi kamba, mjomba.

*Jumamosi*

Baba Latifa (Houston): Nimetoka yadi. Stika ya Tacoma: paundi 1,095. Stika ya F-150: 1,640.

Baba Latifa (Houston): Tacoma imeshindwa kwa paundi 375 kabla hata sijaanza kazi. Nimeumia jamani.

Kaka Mkubwa (Dar): Paundi 375 ni kama kilo 170. Huku watu wanapakia pikapu mpaka ng'ombe na mwenye ng'ombe juu yake na inakwenda. Utaikatia tamaa kwa jipsamu?

Mjomba (Tanga): Inakwenda, kweli. Kusimama je? Nisikilizeni. Nimeendesha pikapu miaka 19, machungwa ya Muheza kushuka Tanga, na iliki kutoka kule mlimani Amani. Siku moja tajiri alinizidishia magunia, nami nikanyamaza kwa kuwa nilitaka safari. Gari ilikaa matako chini, pua juu. Usukani ukawa mwepesi kama hauna gari mbele. Kuteremka Amani ile njia ya kona, nikasikia harufu ya breki inaungua, halafu mguu unazama bila kukuta kitu. Nilitia gia ya kwanza nikaegemeza gari kwenye kingo ya mlima mpaka ikasimama. Utingo wangu aliruka akateguka bega. Bega lile halijakaa sawa mpaka leo, na kila nikimuona sokoni nalitazama. Injini haikuwa na tatizo lolote siku ile. Ilipanda vizuri kabisa.

Shangazi (Muheza): Namkumbuka yule kijana. Ilikuwa Alhamisi.

Kaka Mkubwa (Dar): Mjomba sikuijua habari hii. Nimeondoa kauli yangu.

Binamu (Minneapolis): Kaka, na mimi niseme kitu kwa haki ya Tacoma, maana ninayo mwaka wa 4 na naipenda mno. Mimi nafanya kazi hospitali. Nabeba kochi la mtu mara moja kwa mwezi, mboji ya bustani, mashua ndogo ya kuvulia kwenye tela. Kwa hayo haijanishinda hata siku moja, na katikati ya mji naiegesha popote. Ungekuwa na maisha yangu ningekwambia usitazame kingine. Wewe unabeba mzigo kila siku ya Mungu.

Dada (Dallas): Na kama atavuta tela? Tacoma kwa tela dogo si ingetosha?

Baba Latifa (Houston): Dada nililiwaza hilo usiku kucha. Tela dogo la ekseli moja lina paundi kama 700 tupu. Nikitia jipsamu na puti, paundi 940, jumla 1,640. Pua ya tela inalalia gari kwa asilimia 10 mpaka 15, tuseme 200. Ongeza sisi wawili na zana, 730. Stika inaruhusu 1,095. Inatosha na kubaki!

Mjomba (Tanga): Hesabu imekaa sawa. Tela litalala wapi?

Mama Latifa (Houston): Hapo ndipo. Kanuni za mtaa wetu haziruhusu tela kuonekana mbele ya nyumba. Kulikodishia mahali ni pesa ya kila mwezi, na kila alfajiri aende kulichukua kwanza. Na jipsamu kwenye tela la wazi, mvua za Houston hizi zinazokuja bila hodi? Jipsamu ikilowa ni ya kutupa.

Dada (Dallas): Wifi umeshinda.

Baba Latifa (Houston): Na kuna jambo nimeliona leo kwa macho. Niliomba yadi waniache nipime ndani ya bodi. Kwenye Tacoma, kati ya yale mabonge yanayofunika matairi, haifiki inchi 48. Jipsamu ni inchi 48. Maana yake hailali sakafuni, inabidi niweke mbao za mbili kwa nne juu ya mabonge ndipo niilaze. Kwenye F-150 ni zaidi ya inchi 50, jipsamu inateleza yote chini, bapa, kama mkeka. Nilisimama pale nikajisikia mjinga kwamba nilikuwa natazama rangi.

Binamu (Minneapolis): Urefu je? Bodi futi 5 na nusu, jipsamu futi 8.

Baba Latifa (Houston): Nikiangusha mlango wa bodi napata kama futi 7 na nusu. Ncha inaning'inia kidogo.

Binamu (Minneapolis): Ncha ya jipsamu ikining'inia inavunjika kwenye tuta la kwanza. Tafuta bodi ya futi 6 na nusu.

Mama Latifa (Houston): Ngojeni kwanza. Nimepima. Kutoka ukutani mpaka mlangoni, futi 19 na inchi 10. Nimepima mara tatu. Kimo cha mlango futi 7.

Baba Latifa (Houston): F-150 niliyoiona ni futi 19 na inchi 4. Inaingia. Lakini ile ya milango minne yenye bodi ya futi 6 na nusu inapita futi 20. Haiingii.

Kaka Mkubwa (Dar): Kwa hiyo bodi ndefu mnalala nje, bodi fupi jipsamu inavunjika. Loh.

Mjomba (Tanga): Punguza kichwa, usipunguze mgongo. Hawana yenye kebini fupi?

Baba Latifa (Houston): Mjomba!

Baba Latifa (Houston): Ipo. Kebini yake ni moja na nusu, ile milango midogo ya nyuma inayofunguka kinyume, mpaka ufungue wa mbele kwanza. Bodi futi 6 na nusu. Urefu wote ni ule ule futi 19 na inchi 4, kwa sababu walichokata kwenye kebini wamekirudisha kwenye bodi.

Mama Latifa (Houston): Na sisi hatuhitaji kiti cha watoto humo.

Dada (Dallas): Mafuta je? Gari kubwa hilo.

Baba Latifa (Houston): Nilidhani hivyo hivyo. Ile injini ndogo ya F-150, lita 2.7 ya silinda 6 yenye turbo mbili, haili mafuta kuliko Tacoma ya lita 3.5. Karibu zinalingana, na barabara kuu F-150 inaweza hata kushinda. Kinachozidi ni matairi na breki.

Binamu (Minneapolis): Turbo haitaki mchezo wa oili. Omba kumbukumbu za kila oili iliyobadilishwa, wasipokuwa nazo ondoka. Na uliza gari limeishi jimbo gani. Huku kwetu wanamwaga chumvi barabarani msimu wa theluji. Bodi ya F-150 ni ya alumini tangu 2015, haishiki kutu, lakini fremu chini ni chuma. Lala chini utazame kwa tochi.

Mjomba (Tanga): Na uendeshe ukiwa umepakia. Gari tupu haikwambii kitu.

*Jumapili ya wiki iliyofuata*

Baba Latifa (Houston): Wakubwa shikamooni. Nimeipata. F-150 ya 2018, kebini fupi, bodi futi 6 na nusu, ya hapa hapa Texas, fremu kavu. Stika paundi 1,812. Mwenyewe alikuwa fundi bomba, ana daftari la oili kaandika kwa mkono kila mara. Aliniruhusu nikapakie jipsamu 14 nirudi nazo. Nilikanyaga breki kwenye mteremko wa daraja nikamkumbuka mjomba. Ilisimama imetulia, pua haikuinuka.

Mjomba (Tanga): Alhamdulillah. Bima?

Baba Latifa (Houston): Niliuliza kabla ya kusaini, dada ni shahidi.

Dada (Dallas): Kweli, alinipigia akiwa kwenye foleni ya benki. Mungu akutilie baraka.

Shangazi (Muheza): Amin. Niliposikia nimesoma dua. Sasa imelala wapi?

Mama Latifa (Houston): *Picha*

Mama Latifa (Houston): Ndani, shangazi. Zimebaki inchi 6, tatu mbele tatu nyuma. Nimesimama mwenyewe mpaka mlango ukafunga wote.

Mjomba (Tanga): Inchi tatu ni chache kwa mtu aliyechoka na kazi. Mkwe, tundika mpira mdogo kwa kamba kutoka darini. Gari likiwa mahali pake sawasawa, mpira uguse kioo cha mbele. Akirudi usiku, mpira ukimgusa asimame.

Mama Latifa (Houston): Latifa amekwenda kuleta wake.