Naomba ushauri: moyo kwenda mbio na ganzi vidoleni, vipimo vyote viko sawa

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo yenu. Naweza kuwa nimekaa zangu tu ghafla moyo unaanza kwenda mbio, kifua kinabana, vidole na midomo inapata ganzi, jasho linatoka yani naona kabisa hapa nakufa. Hospitali nimeshaenda, wamenipima umeme wa moyo, damu, mpaka homoni za tezi ya shingo, vyote viko poa, dokta akasema ni wasiwasi.

Alinielewesha kwamba mwili unamwaga adrenalini kana kwamba kuna hatari ndo mana moyo unakimbia, na ile ganzi ni kwa sababu napumua harakaharaka mpaka kaboni dayoksaidi inashuka kwenye damu. Na kweli nikipumua taratibu, natoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ninavyovuta, ganzi inapungua.

Shida ni usiku. Nikishtuka usingizini moyo unadunda, yale maelezo yote yanapotea kichwani, nabaki nimeshika mkono nahesabu mapigo huku nasachi dalili kwenye simu, na hapo ndo inazidi kabisa.

Kahawa nimepunguza, imesaidia kidogo. Sasa mliopitia hii hali, usiku mlikuwa mnafanyaje? Na mliwezaje kuacha kujipima mapigo kila saa? Kuna ambaye tiba ya mazungumzo kwa mwanasaikolojia ilimsaidia kwenye hizi dalili za mwili zenyewe, sio mawazo tu? Dawa sijaanza, nataka niwasikie kwanza kabla sijarudi kwa dokta.