Wakuu, hizi nyumba za kuficha paa zinatufaa kweli Dar?

Mwana wa Magomeni: Wakuu salaam. Mwaka huu nimehamia kwangu Kivule. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko la ndani, stoo, paa la kuficha kama kila mtu mtaani. Masika imeingia, maji yanashuka na ukuta wa sebule, jipsamu imevimba na kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Usiku joto halitoki. Nimekulia Magomeni kwenye nyumba ya vyumba sita, vitatu kulia vitatu kushoto, ukumbi katikati. Ukifungua mlango wa mbele na wa uani, upepo unapita moja kwa moja. Hatukuwa na feni na tulilala. Kwa nini ramani ile tumeitupa badala ya kuiboresha?

Fundi Kenchi: Kaka, tatizo lako lipo juu. Kwenye paa la kuficha bati linalazwa karibu sawasawa, halafu ukuta unapandishwa kulizunguka. Maji yote yanakwenda kwenye gata iliyo nyuma ya ukuta huo. Majani yakiziba bomba moja tu, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani. Paa la zamani lilikuwa na mteremko na upenu, maji yanadondoka mbali na ukuta, na jua la saa nane haliupigi ukuta moja kwa moja. Wateja nawaambia, wananijibu upenu ni ushamba.

Tabata Kwetu: Vyumba sita, familia sita, choo kimoja. Hilo mbona hulisemi? Acheni hadithi za upepo. Na waliokulia uani ndio hao hao hawajui siri ni nini, jambo la ndani kwako mtaa mzima unalo kabla ya chai.

Binti wa Uani: Waliokulia uani ni sisi, na nakujibu kwa heshima usiyotupa. Mdogo wangu alizaliwa usiku, chumba cha mwisho kushoto, baba yuko safari. Mpangaji wa chumba cha pili ndiye aliyemshika mama, wa chumba cha nne akachemsha maji, mumewe akakimbia kutafuta gari. Leo nakaa ndani ya geti, ukuta wa futi nane, jirani niliyepakana naye miaka mitano simjui jina. Siri hiyo unayoisifia itanisaidia nini nikianguka bafuni?

Tabata Kwetu: Dada, sikukutaja wewe.

Binti wa Uani: Umetutaja wote.

Mama Wawili: Mimi nitamtetea wa Tabata kidogo. Nimekulia Temeke. Foleni ya choo alfajiri, ndoo mkononi, kanga moja, na wanaume wamekaa uani wanapiga mswaki wanakuangalia. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilijifunza kuoga saa kumi usiku. Nilipojenga, kitu cha kwanza kumwambia fundi ni choo cha wanangu wa kike kiwe ndani. Upepo niliufikiria baadaye.

Binti wa Uani: Hapo sina la kupinga, dada. Pole sana.

Mzee wa Upanga: Vijana, mnalaumu ramani kwa kosa la serikali. Mwaka 1967 majumba yalipotaifishwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba, ndipo watu walipoanza kujaa chumba kwa chumba.

Kijana wa Historia: Shikamoo mzee. 1967 ni Azimio la Arusha na mabenki. Majumba ni 1971. Na zilizochukuliwa zilikuwa za thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, magorofa ya mjini. Nyumba ya udongo ya Magomeni haikuguswa.

Mzee wa Upanga: Marahaba. Mwaka naukubali. Lakini baba yangu ndiye aliyepoteza nyumba, si wewe, na haikuwa gorofa.

Mtu wa Malindi: Nyie wa bara mnadhani ukubwa wa chumba ni hiari. Huku Mji Mkongwe, Zanzibar, vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko huwezi kuilaza zaidi ya mita tatu hivi. Mti ndio uliopima chumba. Zege na nondo vilipoingia, kipimo kikaondoka, ndiyo mnajenga sebule ya mita sita na jioni mnakaa watu wawili.

Tabata Kwetu: Sebule yangu ni kubwa kwa sababu wageni wangu wanakuja. Kila mtu ajenge kwa fedha yake.

Mama Wawili: Si fedha tu. Kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini, ukikijaza nyumba yote, unaanika wapi nguo? Mtoto anacheza wapi? Uani tulikuwa nao hata tulipokuwa maskini.

Mwana wa Magomeni: Samahani wakuu, mvua imerudi, ndoo ya pili imejaa. Fundi, upenu unaweza kuongezwa kwenye nyumba iliyokwisha?

Fundi Kenchi: Unaweza. Tutavunja ule ukuta wa juu, tupaue upya kwa mteremko, tutoe upenu wa futi tatu. Bati lako likitolewa vizuri, mengi yanarudi. Kwa usiku huu panda uzibue bomba la gata, ila subiri mvua ikatike, bati linateleza.