Lenzi ya kuangalia vito: 10x, 20x au ile ya 30x yenye taa?

BrokaMdogo_Arusha
Wakuu habari za jioni. Nimeanza kushika shika mawe, tanzanite zaidi na tsavorite (yale ya kijani) kidogo, sasa nataka lenzi yangu mwenyewe maana kuazima kwa watu kila siku sio poa. Dukani wamenionyesha 10x (inayokuza mara kumi) ndogo ya kukunja, 20x, na nyingine imeandikwa 30x ina taa ya LED pembeni, na hiyo ya 30x ndo bei ya chini kuliko zote. Nichukue ipi?

FundiMkataji
Mkuu chukua 10x, tena iwe tripleti. Iko hivi: jicho la kawaida likisogezewa kitu karibu zaidi ya sentimita 25 linaanza kuona ukungu. Kazi ya lenzi ni kukuruhusu ulisogeze jiwe karibu zaidi ya hapo na bado ulione safi. Kwa hiyo 10x unaliweka kwenye sentimita 2.5 hivi, 20x ni kama 1.25, hapo jiwe linakaribia kugusa kioo, mwanga hauna pa kupita, na mkono ukitikisika kidogo tu umelipoteza. Tripleti ni vioo vitatu vimegandishwa pamoja ili rangi zisitawanyike na mistari isipinde. Kioo kimoja kitupu kinaweka ukingo wa zambarau na njano kwenye kila ncha ya jiwe, sasa wewe unayetafuta rangi ya tanzanite utajuaje ipi ya jiwe na ipi ya lenzi? Hata usafi wa almasi duniani unapimwa kwa 10x, sio 30.

Mama_Vito
Naunga mkono. Na namna ya kushika ndo watu wengi wanakosea, wanashika lenzi mbali kama wanasoma gazeti. Lenzi inakaa jichoni kabisa, kidole kiguse shavu, halafu jiwe ndo linaletwa, mikono miwili igusane isitikisike. Macho yote mawili wazi mdogo wangu, ukifumba moja utachoka mapema.

BrokaMdogo_Arusha
Asanteni sana. Ila hiyo 30x nitajuaje kama ni 30 kweli?

FundiMkataji
Simama ndani mchana mbali na dirisha, shika karatasi nyeupe nyuma ya lenzi, sogeza mpaka dirisha litokee dogo limegeuka juu chini. Pima umbali toka lenzi mpaka karatasi, gawanya 25 kwa hizo sentimita. Umbali ukiwa sentimita 2.5 basi hiyo ni 10x, maandishi achana nayo. Halafu angalia karatasi ya hesabu yenye miraba, mistari ikipinda pembeni au ikiwa na rangi rangi irudishe dukani.

Jiwe_Safi
Mi natofautiana kidogo, 20x ina kazi yake. Ukishakiona kitu ndani ya jiwe kwa 10x na hujui ni kipovu cha hewa au ni kristali, 20x nzuri inakupa jibu. Ila iwe ya pili, sio ya kuanzia. Na kama unapanga mawe mengi madogo mezani chukua ile ya kuvaa kichwani, inakuza kidogo tu lakini unakaa mbali kama shubiri moja na mikono yote iko huru.

Mama_Vito
Na hiyo 10x ikulinde na feki. Angalia kupitia uso wa juu wa jiwe lililokatwa, tazama kingo za nyuma. Forsterite ya maabara inafanana sana na tanzanite kwa rangi, lakini kingo zake unaziona mbili mbili waziwazi, tanzanite ndogo huzioni hivyo. Geuza jiwe pande zote maana kuna upande hata forsterite haionyeshi. Chupa, yaani kioo kilichokatwa kama jiwe, nayo inakuwa na vipovu vya duara, na ukiigeuza haibadiliki toka bluu kwenda zambarau kama tanzanite.

BrokaMdogo_Arusha
Mama nimekuelewa. La mwisho, navaa miwani, niivue?

Mama_Vito
Kama ni ya kuona mbali au karibu tu vua, utasogeza jiwe kidogo likae sawa. Kama daktari alikwambia una astigmatizimu, yaani uso wa jicho haukupinda sawa pande zote, baki nayo, lenzi haiwezi kurekebisha hiyo, ila eneo utakaloliona litakuwa dogo kwahiyo tafuta yenye kioo kipana cha milimita 20 hivi.