Kraftwerk walipotupa filimbi: walikua au waliharibika?

FundiRedio_Tbr: Wakuu, usiku kucha nimewasikiliza Kraftwerk, bendi ya Wajerumani wa Düsseldorf. Albamu ya 1970 Florian Schneider anapuliza filimbi, ngoma wanapiga watu. 1974 ikaja Autobahn, wimbo mmoja unakula upande mzima wa sahani, dakika 22 na ushee. Kufika 1978 wanajiita roboti kabisa! Mimi nasema waliua muziki. Hata ile treni yao ya 1977, wimbo wa Trans-Europe Express, haina jasho, inanguruma kama friji. Bora treni ya Kigoma, inachelewa lakini ina uhai.

MgebukaMkavu: Treni ya Kigoma imekukosea nini?

FundiRedio_Tbr: Nimeisifia, ndugu. Soma tena.

BintiUjiji: Sifa gani hizo? Tabora mmepewa njia panda ya reli mkadhani mmeijenga nyie.

Mnyanyembe: Mwisho wa reli ni mwisho wa reli, dada. Kwetu ilifika 1912, kwenu 1914. Piga hesabu.

MgebukaMkavu: Na meli je? Liemba iliundwa Papenburg 1913, ikaja vipande vipande, ikaungwa Kigoma. Asali yenu imewahi kuelea?

MzeeWaSahani: Wanangu, turudi kwenye hoja. Fundi, unasema hawana jasho. 1982 kule New York DJ wa hip hop Afrika Bambaataa alichukua melodi ya treni hiyohiyo, na mapigo ya wimbo wao mwingine, akatoa Planet Rock. Vijana wa Bronx walicheza mpaka chini. Filimbi ya 1970 ilimchezesha nani?

FundiRedio_Tbr: Shikamoo mzee. Hapo walicheza kwa Bambaataa, si kwa roboti. Bendi yetu ya Tabora Jazz walichezesha watu kwa magita yao wenyewe, hawakusubiri mtu wa kuwakopa.

BintiUjiji: Tabora Jazz! Nilijua tutafika huko. Mwanamuziki wenu Shem Karenga mlimpata wapi, kama si kwetu Kigoma, bendi ya Lake Tanganyika Jazz?

Mnyanyembe: Alipanda treni mwenyewe. Hatukumfunga kamba.

MgebukaMkavu: Kumbe treni ya Kigoma ina faida.

BintiUjiji: Mnaiba msanii halafu mnatucheka mwisho wa reli. Hamna haya.

MzeeWaSahani: Marahaba, Fundi. Kwa hiyo filimbi tumeiacha?

FundiRedio_Tbr: Subiri kidogo mzee, kwanza huyu dada anijibu hili la Karenga.